Usinunue mng'aro, nunua mbao

Mpenzi msomaji, kama umewahi kupita kandokando ya barabara ambako maseremala wetu huanika kazi zao, huko Gikomba au kwenye Barabara ya Ngong jijini Nairobi, bila shaka macho yako yamewahi kunaswa na meza inayong'aa juani hata ukauona uso wako ndani yake. Moyo ukadunda, mkono ukaenda mfukoni. Kabla hujazitoa pesa hizo, nakuomba uketi nami kidogo tuzungumze kuhusu rangi.

Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi niliumwa. Miaka kadhaa iliyopita zamu yangu ya chama ilifika, nami nikaapa kuwa watoto wangu hawataendelea kuandikia magotini. Nikanunua meza kubwa ya kulia, ya rangi ya kahawia iliyoiva, ambayo muuzaji aliniapia kuwa ni mahogani tupu. Ilifika nyumbani kwa mkokoteni na majirani wakatoka kuitazama.

Desemba ikapita vizuri. Jua la Januari lilipoanza kuwaka, usiku mmoja tulisikia mlio kama wa kijiti kinachovunjwa, na asubuhi tukakuta uso wa meza umepasuka ufa ambao sarafu ya shilingi ingepita. Mwezi uliofuata unga mweupe ukaanza kumwagika chini ya mguu mmoja. Kisha binti yangu akatua sufuria ya moto juu yake, na pakabaki duara jeupe ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa machozi yake.

Nilipoikwangua meza hiyo, nilikuta mbao za saipresi changa, kipande cha paini, mguu mmoja uliobunguliwa na wadudu, na mashimo yaliyozibwa kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi. Mahogani ilikuwa ndani ya mkebe wa rangi tu.

Nilibeba hasira zangu hadi kwa fundi mwingine, mzee mmoja ambaye nilikuwa nimesifiwa kazi yake. Alinisikiliza hadi mwisho huku akiendelea kupiga randa. Kisha akasema: "Mama, nikiiweka meza hapa nje ikiwa nyeupe, siku nzima hakuna atakayeniuliza bei. Nikiipaka rangi nyeusi ing'ae, kabla ya saa kumi imeondoka. Ninyi wateja ndio mliotufunza kuficha."

Maneno hayo yaliniuma kwa kuwa yalikuwa kweli. Sikununua mbao siku ile, nilinunua mng'aro. Tangu hapo nina sheria moja ambayo leo nataka nikugawie: chombo cha mbao kitazamwe kikiwa kitupu, halafu rangi ichaguliwe. Anayechagua rangi kwanza amenunua gunia asilolifungua.

ITAZAME IKIWA NYEUPE

Mwambie fundi unataka kuiona kazi kabla haijapakwa chochote. Fundi mwaminifu hatakasirika. Mara nyingi atafurahi, maana atapata mtu wa kumwonyesha viungo alivyovihangaikia. Lipa arbuni, kisha urudi siku aliyomaliza kupiga msasa.

Kwanza, pima ukavu. Inyanyue, mbao mbichi ni nzito kupita umbo lake. Iguse kwa shavu. Mbichi huwa baridi na ina kiunyevunyevu. Igonge kwa kifundo cha kidole. Kavu hulia, mbichi hunyamaza. Mafundi wa zamani wana kanuni kwamba ubao unaoanikwa kivulini hutaka kiasi cha mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene wake. Ubao uliopasuliwa mwezi jana hauwezi kuwa umekauka, na hakuna rangi duniani itakayouzuia kusinyaa. Ukifunika unyevu kwa vanishi, utatafuta njia ya kutokea, na vanishi itavimba malengelenge au kubanduka.

Pili, tafuta vitundu vidogo vya duara kama vya sindano nene. Hivyo ni milango ya wadudu wanaobungua mbao. Vikiwa na unga mpya, wenyewe wangali ndani wanakula. Tatu, tazama vifundo, yaani yale macho ya kahawia pale tawi lilipokuwa. Kifundo kilichoshika imara si kosa, lakini kinachocheza kitang'oka. Mwisho, pitisha kidole kwenye viungo. Puti kidogo si dhambi, ila puti inayojaza pengo la kidole ni ufa uliovalishwa shati.

KILA MBAO NA TABIA YAKE

Ukishajua kilichopo, ndipo tuulizane rangi gani. Hapa wengi hukosea kwa kudhani kwamba rangi ni rangi, na kwamba kila mbao huipokea sawa.

Saipresi na paini ndizo mbao za vitanda na rafu nyingi za bei nafuu mijini. Ni nyepesi, za rangi ya manjano, na zina vifundo vingi. Ukizipaka steini, yaani ile rangi nyepesi inayonywewa na mbao bila kuficha mishipa yake, hunywa kwa pupa mahali pamoja na kukataa mahali pengine, na matokeo yake ni mabakamabaka kama shuka lililomwagikiwa chai. Kama huna budi kuzipaka steini, zipake kwanza mkono mmoja wa vanishi iliyozimuliwa sana, uache ukauke, upige msasa laini, ndipo upake. Lakini ushauri wangu ni huu: mbao hizi ama ziache na rangi yake ya asili chini ya vanishi isiyo na rangi, ama zipake rangi nzito ya kufunika kabisa. Vyote viwili ni uaminifu. Kinachozichekesha ni kulazimishwa kuwa mahogani.

Ukizipaka rangi nzito, jihadhari na vifundo. Vina utomvu ambao hupenya rangi na kutokeza duara la manjano baada ya miezi michache, hata upake mara nne. Dawa yake ni kuvipaka kwanza sheleki, ile gundi ya wadudu inayoyeyushwa kwa spiriti, kisha ndipo uendelee.

Mgrevilea, mti unaoota kwenye mashamba mengi ya mlima Kenya na Kati, una mbao za rangi ya waridi iliyochujuka zenye madoa yanayometameta kama hariri pale zilipopasuliwa vizuri. Ni hasara kuzifunika. Vanishi isiyo na rangi yatosha, au steini hafifu ya kahawia.

Mvule hauhitaji steini hata tone. Mafuta na mwanga vitautia rangi wenyewe, na kila mwaka utazidi kuiva. Ila mbao zake zina mafuta ya asili ambayo yaweza kuchelewesha vanishi kukauka. Zipanguse kwa kitambaa chenye thina kidogo, zikikauka upake siku hiyo hiyo. Ukimwona mtu anaupaka mvule rangi nzito, mwulize kama ndani kweli ni mvule.

NANI ATAKITUMIA?

Ukishaijua mbao, jiulize chombo hicho kitaishi wapi na nani atakigusa. Ndugu zetu wa Pwani walilijua hili zamani sana. Waundaji wa majahazi waliupaka mwili wa chombo ulio juu ya maji sifa, yaani mafuta ya samaki, na sehemu inayozama wakaipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa, ili kuzuia wadudu wa baharini. Chombo ni kimoja na mbao ni zile zile, lakini kila sehemu ilipewa dawa yake kulingana na adui yake. Nyumbani kwako pia maadui wanatofautiana.

Meza ya kulia ina maadui watatu: maji, joto na kucha za watoto. Hiyo itake vanishi ya mafuta aina ya poliurethani, mikono mitatu. Hukauka polepole, lakini ikishakomaa ni ngumu na huvumilia maji. Hata hivyo, hakuna vanishi inayopenda sufuria iliyotoka jikoni sasa hivi, kwa hiyo ununue na vikalio vya vyungu.

Laka, ile inayopulizwa kwa mashine na kukauka kwa dakika chache, ndiyo mafundi wengi huipenda kwa sababu kazi huisha siku moja. Inapendeza kwenye kabati la nguo, kitanda na fremu za picha. Kwenye meza ya chakula ni dhaifu kidogo, na dawa ya kufutia rangi ya kucha ikiidondokea huiyeyusha. Polishi ya sheleki nayo hung'aa kwa upole unaovutia, lakini maji na joto huiachia madoa meupe, na kileo huila. Iwekee kasha la ukumbusho wa nyanya, si meza ya wageni.

Mafuta ya kitani au nta yafaa kiti cha uvivu, rafu ya vitabu na kitu chochote unachopenda kukipapasa. Hayana mng'aro mkali, na yana fadhila moja kubwa: yakichakaa, unaongeza tu bila kukwangua. Kwa mwanafunzi aliyepanga chumba kimoja, ningeshauri rafu ya saipresi iliyopakwa nta, au rangi ya maji isiyo na harufu kali. Chumba unacholala na kupikia hakifai kukaushia vanishi ya mafuta wala laka.

Kuhusu mng'aro wenyewe, kumbuka kwamba uso unaong'aa sana huonyesha kila mkwaruzo na kila alama ya kidole. Penye watoto, chagua vanishi ya mng'aro wa kati.

KAZI YENYEWE

Sasa, je, upake mwenyewe au umwachie fundi? Ukiwa na Jumamosi mbili na subira, paka mwenyewe. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii methali hiyo ni sheria.

Anza na msasa. Tumia namba 100 au 120 kuondoa alama za randa, kisha 180, umalizie kwa 240. Piga daima kufuata mishipa ya mbao, kamwe usiikate, kwa sababu mikwaruzo ya kukata mishipa haionekani mpaka steini iingie, na hapo huwa umechelewa. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kabla ya kupaka steini mahali popote panapoonekana, ijaribu chini ya meza. Rangi iliyoandikwa kwenye mkebe haiwezi kukuambia itakavyoonekana juu ya mbao yako. Ipake kwa kitambaa, ngoja dakika tano hivi, halafu upanguse yote iliyobaki juu. Kumbuka kwamba ncha zilizokatwa hunywa zaidi na kuwa nyeusi. Zipige msasa laini zaidi ili zisinywe sana. Ukitaka rangi iliyokolea, rudia kesho. Kuongeza ni rahisi, kupunguza ni kazi ya msasa upya.

Vanishi ikorogwe polepole kwa kijiti. Usiutikise mkebe kama chupa ya dawa, utaleta mapovu yatakayokauka juu ya meza. Mkono wa kwanza uzimue kwa tapentaini kidogo ili upenye. Ukishakauka usiku kucha, piga msasa mwepesi wa namba 320, pangusa, paka wa pili, na hivyo hivyo wa tatu. Kwa rangi nzito mpango ni sheleki juu ya vifundo, praima, rangi ya chini, kisha mikono miwili ya rangi yenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: paka na upande wa chini. Uso wa meza uliopakwa juu pekee hunywa na kutoa unyevu upande mmoja, basi hupinda kama jani la mgomba juani. Meza yangu ilipopasuka, chini yake haikuwa na tone la vanishi, na uso wake ulikuwa umepigiliwa misumari pande zote hata usiweze kujinyoosha wala kujikunyata.

Usiogope gharama. Lita moja ya vanishi hufunika kiasi cha mita kumi za mraba kwa mkono mmoja. Uso wa meza wa mita moja na nusu kwa sentimita 90 ni mita 1.35 za mraba. Juu na chini ni 2.7, kwa mikono mitatu ni 8.1. Lita moja yatosha, na kinachobaki kitaipa miguu mkono wake wa kwanza.

WATOTO NA MOTO

Sasa nakuomba usome hapa kwa makini hata kama mengine umeyaruka. Rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano, za rangi ya chungwa na nyekundu, nyingi zilitiwa madini ya risasi. Risasi ikiingia mwilini mwa mtoto hudhuru ubongo wake, na dhara hilo halina tiba ya kulirudisha nyuma. Mtoto mchanga anayeota meno huguguna ukingo wa kitanda chake, na vipande vya rangi huwa na ladha tamu. Tangu mwaka 2018 viwango vya Kenya vinataka risasi katika rangi isizidi sehemu 90 kwa kila sehemu milioni. Kwa hiyo nunua mkebe uliofungwa, wenye jina la mtengenezaji na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS. Usikubali rangi iliyopimwa kutoka kwenye pipa lisilo na jina na kutiwa katika chupa ya soda, hasa kwa kitanda cha mtoto.

Na kama umerithi kabati au kitanda kilichopakwa zamani, usikikwangue kikavu sebuleni. Vumbi hilo ndilo baya zaidi. Kitoe nje, watoto wakae mbali, tumia msasa wa maji, na ukusanye takataka zote.

Moto nao usiuchezee. Thina na laka hutoa mvuke unaoshika moto kutoka mbali. Jiko la makaa likiwa chumba kimoja na kazi hiyo ni hatari tupu. Aidha, matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa kwenye pipa hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje moja moja yakauke, au yaloweke kwenye maji kabla ya kuyatupa.

Labda utauliza, mpenzi msomaji, meza yangu iliishia wapi. Yule mzee alinitengenezea nyingine ya mgrevilea uliokaa bandani mwake zaidi ya mwaka. Niliiona nyeupe, nikaipapasa chini na juu, nikaipeleka nyumbani vile vile. Mimi na binti yangu tuliipaka wenyewe Jumamosi mbili, tukiwa tumefungua madirisha yote. Kuna mahali ambapo tone la vanishi liliteleza likakauka kama chozi kwenye mguu wa nyuma, na kila mgeni akija binti yangu humwonyesha. Haing'ai sana. Lakini Januari zimekuja na kwenda, na usiku tunalala bila kusikia mlio.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, tunaambiwa. Katika mbao nimejifunza kuongeza kwamba kibaya pia hujipaka rangi. Safari ijayo ukisimama mbele ya fundi, usimwulize kwanza ana rangi gani. Mwambie: "Fundi, nionyeshe ikiwa nyeupe." Tukiuliza hivyo wengi, wao pia wataona faida ya kutoficha.

Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya mito na matandiko ya viti. Hadi hapo, nakutakia juma jema wewe na wote wanaokuzunguka mezani.